Maua inaniungulia yote ku juwa ya mwezi ya 10, na rozi ya mama imebakia tawi moja

mama_wa_kampemba

Jambo kwenu wote, minaomba munisaidie juu nimechoka kutupa maua. Niko L'shi (Lubumbashi), Kampemba, tuko bapangaji, na mwenye lupango alimwanga simenti kila fasi, udongo ya kupanda hakuna, paka simenti na ukuta na upande moja manjanja (mabati). Mi maua naipenda tangu utoto, basi nilikuwa nanunua kidogo kidogo kwa ba papa benye kuuzisha pembeni ya barabara, zingine bado ziko mu sashe nyeusi vile nilizileta, zingine nilitia mu bido ya njano ya litre 20 nilikata katikati. Wakati ya mvua yote ilikuwa muzuri sana, mutu akipita ku mulango anasimama kuangalia. Mwezi ya 6 na ya 7 baridi ya usiku ilizisumbua lakini haikukufa. Njo mwezi ya 9 ikaingia, na sasa ya 10, kila wiki natupa moja ao mbili.

Niwaambie vile iko. Bugenvile iko na majani tele, nguvu, kijani ya kupendeza, lakini maua hata moja mwaka muzima, na mavi ya kuku naitilia kila wiki mbili. Ibisikisi inatoa vitumba kisha vinaanguka mbele ya kufunguka, na chini ya majani iko kitu nyeupe sawa pamba. Ortansia shemeji yangu aliniletea toka Goma mu ndege, amefunga mizizi na gazeti ya kulowana, ilikaa wiki tatu ikalala moja kwa moja.

Lakini yenye inaniuma ni rozi. Mama alikuwa na rozi nyekundu mu lupango yetu ya Katuba, alipanda mbele nizaliwe. Vile alikufa lupango ikauzishwa, na siku ya kutoka nilikata matawi tano nikafunga mu kitambaa. Nne hazikukamata. Moja ikakamata, ikatoa maua mara mbili, sasa majani inaungua ku pembe na kuanguka, tawi moja tu njo bado iko kijani. Benye walinunua ile lupango walibomoa yote wakajenga, kwa hiyo fasi ingine ya kuipata hakuna.

Maji natia saa sita ya muchana juu njo saa naona zimelegea, namwanga mpaka inatoka chini. Robine inaleta maji usiku tu, siku zingine haikuje, naenda kuchota kwa jirani wa foraji. Nakosea wapi? Ao joto hii si ya maua?

papa_pepinyeri

Mama, jambo. Mi nauzisha maua ku barabara tangu watoto yangu bakiwa badogo na sasa bameoa, L'shi ni muji ya maua, usiseme vile. Angalia jakaranda sasa hivi, mvua hakuna hata tone na barabara zote ni zambarau. Lakini jakaranda miguu yake iko chini kabisa mu udongo penye kuko baridi. Maua yako miguu yake iko mu sashe nyeusi juu ya simenti, njo pale shida iko.

Fanya hivi, saa nane ya muchana weka mukono yako ku simenti, utautoa mbio. Kisha gusa ile sashe upande wenye juwa inapiga. Sashe nyeusi inakamata joto, simenti inaleta ingine toka chini, manjanja inarudisha ingine toka pembeni, na mizizi iko katikati inaiva. Mizizi yenye imeiva haiwezi tena kunywa, hata umwange bido nzima majani italegea tu, weye ukiona imelegea unaongeza maji, na ile mizizi yenye ilikuwa bado nzima nayo inaoza. Wateja bengi banarudi kwangu banasema papa maua yako ilikufa na kiu, nikitoa mu sashe nakuta udongo inanuka sawa matope ya mufereji. Maji njo iliua.

Leo hii toa yote chini ku simenti. Tafuta matofali mbili mbili, weka juu, upepo ipite chini. Ondoa karibu na manjanja. Peleka upande wenye juwa inapiga asubuhi mpaka saa nne saa tano kisha kivuli inaingia, bugenvile peke yake njo ubakishe mu juwa. Yenye iko mu sashe nyeusi, tia sashe na udongo yake mu chombo kubwa kupita, ndoo yenye imepasuka hata base ya zamani, na ile nafasi ya katikati jaza muchanga. Muchanga ukiulowanisha kidogo unapoza, juwa inapiga ndoo haipigi mizizi. Bido za njano pakaza chokaa nyeupe inje. Inje tu mama, chokaa isiingie ku udongo ya rozi.

Maji ni asubuhi saa kumi na moja ao saa kumi na mbili, mbele juwa ipande. Kwa vile robine yenu inakuja usiku, jaza bido, maji inalala, asubuhi iko baridi muzuri. Na mbele ya kutia ingiza kidole mpaka kiungo ya pili, ukikuta bulowevu kule chini uache, hata kama juu imekauka. Muchana majani kulegea kidogo si ugonjwa, ua linajikinga na juwa, magaribi ikiinuka yenyewe ujue maji iko.

yaya_wa_katuba

Naunga mukono papa kwa yote, naongeza kitu moja juu ilinisumbua miaka mingi. Udongo ya poti ikisha kukauka kabisa inakataa maji. Unamwanga, maji inapita pembeni pembeni inatoka chini mbio, unafikiri umenywesha kumbe katikati ni jiwe. Mama wa Kampemba aliandika maji inatoka chini, basi aangalie muzuri, kama inatoka palepale umemwanga haikuingia. Chukua base, tia maji, tumbukiza poti yote mule nusu saa mpaka vipovu viishe, kisha toa uache idondoke. Fanya mara moja, nyuma endelea na kidole vile papa alisema.

Bugenvile yako inakula sana, yaya. Mavi ya kuku kila wiki mbili ni chakula ya majani, yenyewe inaona maisha iko muzuri haina haja ya kutoa maua. Acha mbolea yote mpaka mvua, acha ikauke karibu kulegea njo utie maji, juwa ipige siku nzima, na usiihamishe poti juu mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Yangu iko ku mulango, mu pipa, nilikuwa naibembeleza kila siku miaka mbili haikutoa kitu, vile nilisafiri kwa matanga ku Kolwezi wiki tatu nikarudi nikakuta ni nyekundu yote. Kwa ile siku nilijifunza. Inatoa ku matawi mapya, kwa hiyo ikimaliza maua ukate ncha. Na ile yenye rangi tunaita maua ni majani yake ilibadilika rangi, ua lenyewe ni ile kadogo keupe ndani.

Ibisikisi, ile pamba ni wadudu. Banakunywa maji ya majani, banatoa sukari, kisha sisimizi banapanda kulinda ile sukari, ukiona sisimizi bengi ku muti tafuta pamba kule juu. Kamata kitambaa na maji ya sabuni ya kipande, pangusa jani moja moja chini na mu makutano ya matawi, magaribi, si mu juwa, kesho yake suuza na maji safi. Rudilia kila siku tano sita, mara nne, juu mayai inabakia. Maji ya kufulia yenye javeli hapana, itaunguza. Vitumba kuanguka ni juu ya hawa wadudu na juu ya maji yako, siku moja mafuriko siku mbili njaa, ibisikisi haivumilie ile. Inataka kila siku sawasawa. Ua lake linakaa siku moja tu, usishangae kesho kuliokota chini.

Kisha juu ya udongo ya poti mi natandika maganda ya karanga, inakinga juwa na maji inakaa.

papa_pepinyeri

Yaya maganda ya karanga hapana, si L'shi. Mwezi ya 10 muchwa bako na njaa, maganda na nyasi kavu njo chakula yao, bataingia mule, na bakimaliza maganda bataguguna shina. Nimeona rozi nzima ya mwaka tatu imekatwa chini kama na kisu. Tandika changarawe, ile midogo ya kujengea.

yaya_wa_katuba

Papa poti zangu ziko juu ya matofali na ile matofali iko mu sahani ya maji, muchwa haivuke. Lakini kwa mutu mwenye hana vile ni kweli, changarawe ni salama.

mwana_goma

Jambo ba mama na ba papa, niko Goma. Dada wa Kampemba pole sana kwa ortansia, si kosa yako, hata ungefanya nini ingekufa. Ile ni ua la baridi, huku tuko karibu metre 1500, mawingu, mvua karibu mwaka muzima, inamea hata pembeni ya ukuta bila mutu kuiangalia. Majani yake mapana inatoa maji mingi sana, ukiipeleka mu kiangazi ya Katanga mwezi ya 9 inakunywa kupita vile mizizi iliyosafiri inaweza kuleta. Kama shemeji anakuja tena mwambie asilete ortansia, alete mawe ya lava. Ninasema kweli. Huku tunajengea lupango na ile mawe, ni nyepesi, iko na matundu matundu, ukiivunja midogo midogo ukatia chini ya poti ao ukachanganya na udongo maji inapita haisimame, na yale matundu yanabakiza kidogo kwa ajili ya mizizi. Kisha 2002 na 2021 mulima ya moto Nyiragongo ilimwanga, lava iko karibu ya bure.

Kwa joto yenu mimi ningetafuta pervanshi. Nilikaa Kalemie miaka mbili, kule joto ni kupita L'shi, na pervanshi ilikuwa inatoa ku nyufa za simenti penye hakuna mutu anatia maji, nyeupe na pinki, mwezi yote. Ilitoka Madagaska. Lakini kama kuko watoto wadogo ao mbuzi waangaliwe, si ya kukula, ni sumu, hata kama wanatoa mule dawa za kansere ya damu zenye hospitali kubwa zinatumia.

yaya_wa_katuba

Ndiyo pervanshi! Na purpiye, ile ya majani manene midogo, inafunguka juwa ikitoka na kufunga magaribi, inalala chini, bido iliyokatwa inamufaa sana. Na miiba ya Kristu. Na franjipani, tawi unakata, unaacha maziwa ikauke, unaliweka mu kivuli wiki moja ao mbili bila kupanda, kisha unapanda mu muchanga. Ukipanda palepale linaoza. Loriye-rozi nayo inavumilia juwa kabisa lakini mi siiweke mu lupango yenye watoto, yote ni sumu, mizizi, majani, hata moshi ya kuni yake.

etidia_agro

Samahani kuingilia, nasoma agronomi hapa L'shi. Mama, udongo uliutoa wapi? Na majani ya rozi mbele ya kuungua ilikuwa rangi gani? Kama ilikuwa njano lakini mishipa ya jani inabakia kijani, naomba ujibu kabla ya kutia kitu chochote.

Kuhusu juwa niongeze kidogo. L'shi iko karibu digrii 11 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa 10 juwa ya saa sita inapita juu ya kichwa kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mwezi wa 6 inapita upande wa kaskazini. Maana yake fasi yenye ilikuwa kivuli mwezi wa 6 si lazima iwe kivuli sasa. Watu wengi wanaweka maua fasi moja mwaka muzima kisha wanashangaa. Angalia saa nne na saa nane, siku moja tu, uandike kivuli iko wapi.

mama_wa_kampemba

Mungu awabariki, nasoma na machozi. Nimeinua yote ku matofali, na nilifanya ile ya base, poti ya ibisikisi ilitoa vipovu karibu dakika ishirini!! Kumbe ilikuwa kavu ndani na mimi namwanga maji kila siku.

Etidia, ndiyo, rozi ilianza kuwa njano na mishipa kijani, kabisa vile unasema. Udongo kijana mwenye kusukuma puspusi aliniuzishia magunia mawili, alisema anautoa upande ya kule ku mulima mweusi wa cheminé, penye banayeyushia shaba.

etidia_agro

Basi ile njo sababu yako ya pili. Udongo ya upande ule iko na shaba mingi, moshi ya kuyeyushia shaba ilianguka pale tangu 1911. Shaba ikizidi ku mizizi inazuia muti kupata chuma, na bila chuma jani haiwezi kutengeneza kijani yake, inakuwa njano katikati ya mishipa. Mizizi nayo inakuwa mifupi. Kisha joto inakuja juu ya mizizi yenye tayari ni migonjwa. Kuna maua ya kwetu yanapenda ile udongo, kuko moja ya zambarau wanaita ua la shaba, wenye kutafuta madini walikuwa wanaifuata juu inaonyesha shaba iko wapi, lakini rozi haiwezi.

Udongo ule usiuweke tena, hata ku mboga, zaidi sana ku mboga. Tafuta udongo mweusi wa chini ya miti, mbali na muji kama unaweza, changanya sehemu mbili za udongo, moja ya muchanga ya muto, moja ya mbolea ya kuoza muzuri. Mavi ya kuku mabichi hapana, ile inaunguza.

mama_wa_kampemba

Sasa nitoe rozi mu ule udongo leo? Na nikate lile tawi nipande fasi ingine, ao nifanye nini, naogopa kugusa

papa_pepinyeri

Mama usikate! Tawi moja ukilikata na lisipokamata umemaliza. Matawi yako tano yalikamata moja, unaona hesabu. Na kuhamisha leo, joto hii, mizizi migonjwa hivi, pia hapana. Tufanye polepole.

Kwanza ipeleke mu kivuli chenye mwanga, chini ya baraza, upande ya asubuhi. Kama iko na kitumba, toa, najua inauma lakini ua ni mzigo. Mbolea usitie yoyote. Maji na kidole, ku mizizi tu, majani usilowanishe. Kwaruza ule udongo mubaya wa juu, vidole mbili tatu bila kufika ku mizizi, ujazie udongo muzuri wa etidia.

Kisha hii njo muhimu. Tafuta chombo ya pili, jaza udongo muzuri na muchanga nusu kwa nusu, uiweke pembeni ya rozi. Lile tawi uliinamishe polepole, siku moja kidogo, kesho kidogo, ulifunge na kamba lisirudi. Penye linagusa udongo, chini ya fundo, kwaruza ganda kidogo na kisu safi, urefu ya ukucha, kisha ulizike pale vidole mbili tatu, weka jiwe juu, ncha yake ibakie inje imeangalia juu. Bado linanyonya kwa mama yake, halijakatwa, hata lisipotoa mizizi hukupoteza kitu. Ule udongo wa pili ubakie bulowevu kila siku, si matope. Mvua ikianza mwezi ya 11 itakusaidia. Wiki nane, mara zingine miezi tatu. Kama tawi ni gumu linataka kuvunjika usilazimishe, inua chombo ya pili juu ya matofali mpaka ifikie tawi, si tawi lifikie chombo.

Usivute kuangalia. Kila mutu anavuta kuangalia na anavunja ile mizizi ya kwanza nyembamba.

yaya_wa_katuba

Yaya na mimi niko Katuba. Niambie ilikuwa avenue gani, si hapa, ukipata nafasi utaniambia, nitaulizia ba mama ba zamani wa pale. Rozi ya Katuba haikukaa mu lupango moja, mama yako lazima alipatia jirani tawi.

mama_wa_kampemba

Yaya sikuwaza ile hata siku moja. Alikuwa anagawa kweli, kila mutu alikuwa anatoka na kitu.

mama_wa_kampemba (mwezi ya 1)

Wapendwa, nimerudi. Ibisikisi iko na maua tatu leo asubuhi, pamba imeisha. Bugenvile bado, lakini nimeacha mavi ya kuku na imetoa matawi mapya, nangojea mvua iishe. Pervanshi nilipanda ku mutungi moja, sasa ziko ku tano.

Rozi: lile tawi lilitoa majani mapya mekundu mwanzo wa mwezi ya 12, upande wa ile poti ya pili. Papa, sikuvuta. Juzi niligusa tu, haikutikisika, imeshika. Naweza kukata sasa?

papa_pepinyeri

Mama asante kwa kurudi kutuambia. Kata nusu ya unene leo, pembeni ya upande ya mama yake, wiki mbili nyuma umalizie. Hivi litazoea kunywa lenyewe kidogo kidogo. Kisha liache palepale mu ile poti mpaka mvua za mwezi ya 3, usihamishe, na ile shina la zamani usilitupe, likisha kupumzika litatoa matawi mapya kutoka chini, na lenyewe nalo ulihamishe mu udongo safi wakati ule.

mama_wa_kampemba

Nimekata nusu asubuhi hii saa kumi na mbili. Ikikamata kabisa nitainamisha ingine, dada yangu ku Likasi tayari ametafuta poti.